Miezi Kumi na Mitatu Baharini: Safari ya Mtakatifu Fransisko Xaveri

Mtu aliyepata kusafiri kwa mashua kubwa ya mtoni, toka Kisangani mpaka Kinshasa, ayajua mambo haya. Siku ya kwanza watu wanagombania mahali pa kutandika mkeka. Huyu anasema, «Hapa ni pangu», na yule anasukuma mzigo wake mbele kwa mguu, kimya kimya. Siku ya tatu jirani anakuja kuomba chumvi. Siku ya saba watoto wa pande zote mbili wanakula katika sahani moja, na mama zao wanapika kwenye mbabula mmoja. Lakini mashua ikikwama mchangani, unga ukipungua na siku zikiongezeka, ndipo unapoonekana moyo wa kila mmoja. Mwenye ubinafsi hawezi tena kuuficha, wala mwenye huruma hawezi kuificha huruma yake.

Wasomaji wapendwa, leo twataka kuwaelezeni safari iliyo ndefu kupita hiyo. Mtu mmoja alipanda merikebu katika bandari ya Lisbon, Ureno, tarehe 7 Aprili 1541. Alishuka Goa, katika nchi ya Uhindi, tarehe 6 Mei 1542. Ni miezi kumi na mitatu, kasoro siku moja. Mtu huyo ni Mtakatifu Fransisko Xaveri. Sisi Wakristu twamjua kama mtume wa Uhindi na Japani, na msimamizi wa misioni. Lakini ni wachache wanaojua namna alivyoishi ndani ya merikebu, wala kwamba nusu ya safari hiyo aliimaliza kwetu Afrika. Basi, tuisikie habari yake.

Namna alivyotumwa

Fransisko alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Xavier, nchi ya Navarra. Alisoma Paris, na huko akaonana na Ignasi wa Loyola. Tarehe 15 Agosti 1534, juu ya kilima cha Montmartre, wao na wenzao wachache waliweka nadhiri kwa Mungu. Hao ndio mwanzo wa Shirika la Yesu, yaani Wayesuiti.

Mfalme Yohane wa Tatu wa Ureno aliomba mapadri kwa ajili ya Uhindi. Ignasi hakumchagua Fransisko. Aliwachagua Simão Rodrigues na Nicolás Bobadilla. Lakini Bobadilla alifika Roma mgonjwa, hakuweza kusafiri, na balozi wa mfalme hakuweza kungoja. Ndipo Ignasi akamgeukia Fransisko, aliyekuwa mwandishi wake, akamwambia kwamba kazi hiyo sasa ni yake. Fransisko hakuwa na muda wa kujitayarisha. Akafuata balozi mwezi wa Machi 1540, akaenda kwa njia ya nchi kavu mpaka Lisbon.

Merikebu za Uhindi ziliondoka Ureno mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Machi au wa Aprili. Wakati walipofika Lisbon, mwezi wa Juni, zile za mwaka huo zilikuwa zimekwisha kwenda. Ikawapasa kungoja mpaka mwaka wa pili. Walitumia miezi hiyo kwa kuungamisha watu, kufundisha na kuzuru wafungwa. Kazi yao ilimpendeza mfalme hata akataka wabaki palepale. Mwishowe Rodrigues alibaki Ureno, na Fransisko akaenda. Papa Paulo wa Tatu alikuwa amempa barua za kumfanya mjumbe wake katika nchi za mashariki. Wenzake walikuwa wawili: Padri Paulo, Mwitalia wa Camerino, na Francisco Mansilhas, Mreno.

Alichokubali na alichokataa

Bwana mkubwa António de Ataíde aliamriwa na mfalme kumpa mjumbe wa Papa kila kitu cha lazima kwa safari. Akaja na orodha ndefu. Waandishi wa maisha ya Fransisko wanasimulia kwamba alikubali vitabu vichache tu, na nguo nene ya sufu kwa ajili ya baridi ya Rasi ya Tumaini Jema. Mengine yote akayakataa.

Yule bwana akaona haya. Akasema kwamba walau achukue mtumishi mmoja. Itakuwaje mjumbe wa Baba Mtakatifu aonekane kando ya merikebu akifua nguo zake mwenyewe, na kuangalia chungu chake jikoni mbele ya watu wote? Fransisko akajibu kwamba yeye hakuona aibu yoyote katika kufua na kupika. Tena akasema kwamba heshima ya namna ile, ya kuogopa kazi za mikono, ndiyo iliyokwisha kuliletea Kanisa madhara mengi.

Tusidhani kwamba jambo hilo ni dogo. Katika merikebu, anayetumikiwa anakaa upande mmoja, na wanaojitumikia wanakaa upande mwingine. Fransisko alikwisha kuchagua upande wake kabla nanga haijang'olewa.

Kijiji chenye milingoti

Merikebu tano ziliondoka pamoja. Fransisko alipanda ile iliyoitwa Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo, pamoja na gavana mpya wa Uhindi, Martim Afonso de Sousa. Siku ile Fransisko alitimiza miaka 35.

Merikebu kubwa za njia hiyo ziliweza kuchukua watu mia tano na zaidi: mabaharia, askari, wafanya biashara, maofisa wa mfalme, mafundi wa mbao, vijana wadogo wa kazi. Mabwana wakubwa walikaa nyuma, penye vyumba. Askari na maskini walilala popote walipopata nafasi, juu ya sitaha au chini yake, kati ya masanduku, mapipa na kamba. Chini hapakuwa na hewa wala mwanga. Maji ya bahari yaliyopenya kati ya mbao yalikusanyika chini kabisa, yakanuka. Panya walikuwa wengi.

Chakula chao kilikuwa nini? Mholanzi mmoja, Jan Huygen van Linschoten, alisafiri kwa njia hiyo mwaka 1583, akaandika mambo aliyoyaona. Kila mtu alipewa posho yake: biskuti ngumu karibu gramu 800 kwa siku, maji kidogo na divai kidogo, na kwa mwezi, nyama ya chumvi karibu kilo 15. Zabibu kavu, asali na mchele viliwekwa kwa ajili ya wagonjwa. Kupika ilikuwa kazi ya kila mtu mwenyewe. Kila msafiri alijitafutia vyungu na sufuria zake, na hapakuwa na saa moja ya kula kwa wote. Fikirini basi jiko moja na watu mamia, kila mmoja na chungu chake mkononi, kila mmoja na njaa yake! Ugomvi wa merikebu ulianzia hapo mara nyingi.

Na maji? Yaliwekwa katika mapipa ya mbao. Baada ya majuma machache ya joto yalibadilika rangi na kuanza kunuka, wadudu wakazaliwa ndani. Lakini mtu hawezi kukataa maji hayo, maana hana mengine.

Miezi miwili ya kutapika

Hapo ndipo mtakatifu wetu alipoanza safari yake, na hakuianza kama shujaa. Yeye mwenyewe aliandika barua toka Msumbiji, tarehe 1 Januari 1542, kwa ndugu zake wa Roma. Humo anakiri kwamba bahari ilimwuguza miezi miwili mizima.

Wale waliovuka Ziwa Tanganika siku ya mawimbi, toka Kalemie mpaka Kigoma, wajua kidogo ugonjwa huo. Kichwa kinazunguka, tumbo linapanda, mtu anatamani afe apumzike. Lakini sisi twavuka usiku mmoja, na asubuhi twashuka. Miezi miwili! Tena bila kitanda kizuri, bila maji safi, na harufu ya merikebu pua wakati wote.

Lakini katika barua ileile Fransisko anaandika neno jingine: kwamba kila Jumapili ya safari alihubiri. Tuyaweke maneno hayo mawili pamoja. Mtu anaumwa miezi miwili, na kila Jumapili anasimama mbele ya watu kuwafundisha. Hakungoja apate nafuu ndipo aanze kazi. Angalingoja, baadhi ya wasikilizaji wake wasingalisikia neno lake kamwe, kwa sababu wengi walikufa kabla ya kufika Uhindi.

Saa ya mchanga

Mtu azoeaje mahali pasipo mtaa, pasipo shamba, pasipo soko? Mabaharia walijua dawa ya jambo hilo: ni utaratibu wa saa. Katika merikebu za siku zile palikuwa na chupa ya mchanga. Mchanga ulishuka toka juu hata chini kwa muda wa nusu saa. Kijana mmoja aliulinda, na ulipokwisha aliigeuza chupa, akitamka kwa sauti maneno ya sala ili watu wote wajue kwamba saa imepita. Chupa ikigeuzwa mara nane, yaani saa nne, zamu ilibadilika. Waliokuwa kazini wakaenda kulala, na waliolala wakaamka. Jioni wote walikusanyika kusali na kumwimbia Bikira Maria.

Kwa habari ya Misa, wasomaji watashangaa kidogo. Mara nyingi merikebuni haikusomwa Misa kamili. Merikebu ilitikisika, na mapadri waliogopa kwamba Damu Takatifu ya Kristu itamwagika. Kwa hiyo waliadhimisha ile iliyoitwa «Misa kavu»: masomo na sala za Misa bila mageuzo, bila mkate na divai. Watu walikaa miezi mingi bila kupokea Ekaristi. Wakristu wetu wa vijiji vya mbali, wanaomwona padri mara mbili au tatu kwa mwaka, watawaelewa. Mtu mwenye njaa ya Ekaristi hushika kwa nguvu zaidi sala alizo nazo.

Basi, baada ya majuma machache merikebu ilikuwa kama kijiji. Palikuwa na saa ya kufanya kazi, saa ya kusali, saa ya kupika. Palikuwa pia na karata na kamari, na matusi, na watu waliocheza mpaka wakapoteza mshahara usiolipwa bado. Fransisko hakujitenga nao. Desturi yake, kama walivyoishuhudia watu waliosafiri naye katika maisha yake, ilikuwa kukaa karibu na watu, kuzungumza nao kwa uso wa furaha, na kungoja mpaka mtu mwenyewe amwombe maungamo.

Siku arobaini bila upepo

Kisha likaja jaribu kubwa. Karibu na pwani ya Guinea upepo uliwaishia. Fransisko aliandika kwamba walikaa siku arobaini katika taabu hiyo.

Sababu yake yajulikana sasa. Karibu na ikweta pepo zitokazo kaskazini na pepo zitokazo kusini hukutana. Jua ni kali, hewa inapata joto na kupanda juu badala ya kwenda mbele. Chini bahari inabaki kama kioo. Matanga yananing'inia kama nguo zilizoanikwa. Merikebu haiendi mbele wala hairudi nyuma, na kila siku posho inapungua. Lami iliyozibwa kati ya mbao inayeyuka. Nyama inaoza. Mtu aliyevumilia dhoruba kwa ushujaa anashindwa na utulivu huo, kwa sababu dhoruba yampa mtu kazi ya kufanya, lakini utulivu wampa kungoja tu.

Mwishowe upepo ulirudi. Merikebu za Uhindi hazikufuata pwani ya Afrika. Zilipinda mbali kuelekea Brazil, zikatafuta upepo mwema, kisha zikageuka mashariki kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Na hapa yafaa sisi watu wa Kongo tusimame kidogo. Wakati Santiago ilipokuwa baharini, Mfalme Afonso wa Kongo, aliyeitwa Nzinga Mvemba, alikuwa bado hai huko Mbanza Kongo, katika miaka ya mwisho ya utawala wake. Mtoto wake Henrique alikwisha kuvuka bahari hiyo akasome Ureno, na Papa Leo wa Kumi akamfanya askofu mwaka 1518. Nao barua za Afonso zilivuka bahari hiyohiyo kwenda kwa Mfalme Yohane wa Tatu, yuleyule aliyemtuma Fransisko. Mwaka 1526 Afonso alimlalamikia kwamba wafanya biashara walikuwa wakiwakamata watu wake, hata wana wa wakubwa, na kuwauza utumwani. Alisema kwamba Kongo haikuhitaji toka Ureno kitu kingine ila mapadri na walimu, na divai na unga kwa ajili ya Misa.

Malalamiko hayo hayakusikilizwa. Yatupasa kuyasema bila kuyaficha: bahari iliyomchukua mtakatifu iliwachukua pia watumwa, na bendera zilikuwa za mfalme mmoja. Safari ya watumwa nayo ilikuwa ndefu, lakini wao hawakuchagua kupanda, wala hawakupewa nafasi ya kutandika mkeka. Tukiikumbuka safari ya Fransisko, tuwakumbuke hao pia katika sala zetu.

Ugonjwa wa merikebu

Kadiri siku zilivyopita, wagonjwa waliongezeka. Ugonjwa uliowaua mabaharia wengi kuliko dhoruba na vita ni kiseyeye. Ufizi unavimba na kutoka damu, meno yanalegea, miguu inapata madoa meusi, na kidonda kilichopona zamani kinafunguka tena. Watu wa siku zile walidhani ni hewa mbaya ya bahari. Kumbe ni upungufu wa chakula kibichi! Mwili wa mtu wahitaji vitamini C iliyo katika matunda na mboga, na biskuti na nyama ya chumvi hazina.

Wengine walikwisha kuhisi jambo hilo. Vasco da Gama aliporudi Malindi mwezi wa Januari 1499 alituma mtu nchi kavu kuleta machungwa, maana wagonjwa wake waliyatamani mno. Lakini ilikuwa mpaka mwaka 1747 ndipo mganga wa merikebu, Mskoti James Lind, alipochukua wagonjwa 12 na kuwapa dawa mbalimbali, wawili wawili. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao. Ni karibu miaka mia mbili na nusu tangu yale machungwa ya Malindi. Ni wangapi waliokufa katikati kwa kukosa chungwa moja!

Fransisko hakuwa mganga, wala hakujua habari za vitamini. Alijua jambo moja, kwamba mgonjwa hapaswi kuachwa peke yake. Yeye na wenzake wawili waliwaosha wagonjwa, waliwafulia nguo, waliwapikia, waliwalisha kwa mikono yao, na waliwaungamisha waliokaribia kufa. Sasa tunaelewa kwa nini alikataa mtumishi. Mtu asiyejua kufua nguo yake atawezaje kufua nguo ya mgonjwa wa kuhara?

Miezi sita Msumbiji

Mwisho wa mwezi wa Agosti 1541 walifika Kisiwa cha Msumbiji. Kwa desturi merikebu ziliweka nanga hapo kwa muda mfupi, zikanunua maji na chakula, kisha zikaenda Uhindi kwa upepo wa kusi. Watu wa pwani waijua sana sheria hiyo ya kusi na kaskazi. Majahazi yao yaliifuata tangu kale, kabla Mreno hajafika. Lakini Santiago ilichelewa kwa sababu ya zile siku za Guinea. Kusi ilikuwa karibu kwisha. Anayeikosa kusi lazima angoje. Basi walingoja miezi sita.

Kisiwa ni kidogo. Urefu wake ni kama kilometa tatu tu, na watu wa merikebu tano walishuka hapo wakati mmoja. Hospitali ikajaa. Fransisko, Paulo na Mansilhas hawakutafuta nyumba. Walihamia hospitalini, wakaishi na wagonjwa. Paulo na Mansilhas walishughulikia hasa miili yao, na Fransisko aliungamisha, alipeleka sakramenti, alihubiri. Anaandika kwamba hakuweza kuwatosheleza wote kwa wingi wao. Wengi walizikwa kisiwani. Wanasimulia pia kwamba yeye mwenyewe alishikwa na homa kali, na watu wakadhani atakufa. Alipoinuka, akarudi kwa wagonjwa.

Ile barua ya tarehe 1 Januari aliiandika huko. Anaeleza kwamba taabu za safari ni kubwa hata mtu asingekubali kuzivumilia siku moja kwa faida yoyote ya dunia. Lakini hamna manung'uniko humo. Yeyote aliyeishi na wagonjwa ajua kwamba mtu mwenye kazi ya huruma mikononi hana nafasi ya kujihurumia mwenyewe.

Mzee wa Malindi

Mwisho wa Februari 1542 gavana aliamua kutangulia kwa merikebu nyingine. Alimtaka Fransisko aende naye. Paulo na Mansilhas wakabaki Msumbiji pamoja na wagonjwa, wakafuata baadaye.

Njiani waliweka nanga Malindi, katika pwani ya Kenya ya leo. Fransisko aliona msalaba mkubwa wa mawe uliosimamishwa na Wareno karibu na mji, na mpaka leo nguzo ya Vasco da Gama inasimama huko juu ya mwamba wa bahari. Msafiri mmoja alikuwa amefia merikebuni, wakamzika Malindi. Fransisko aliandika kwamba Waislamu wa mji walipendezwa kuona namna Wakristu wanavyowaheshimu wafu wao.

Kisha mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima katika mji, alimjia akamwuliza swali. Je, Wakristu wanakwenda kanisani kwa bidii? Kwa maana kwao Malindi palikuwa na misikiti kumi na saba, na ni mitatu tu ambayo watu waliendelea kuiendea. Jambo hilo lilimsikitisha mzee, akatafuta sababu yake. Walizungumza, na kila mmoja alibaki na fikira yake. Lakini mimi napenda sana kuwafikiria watu hao wawili wa imani mbili, mmoja wa pwani na mmoja wa kutoka mbali, wamekaa wanaulizana kwa nini watu wanapoa katika sala. Swali la mzee wa Malindi lingeweza kuulizwa katika parokia zetu Jumapili ijayo, nasi tungelitafutia jibu kwa shida.

Toka Malindi walipita kisiwa cha Sokotra. Huko Fransisko aliwakuta watu waliojiita Wakristu wa Mtume Tomasi, maskini sana, wasio na mapadri wenye elimu. Walimwomba abaki nao, naye alitaka. Gavana akamkataza, akiogopa kwamba Waturuki watamkamata. Akatii, akapanda tena. Tarehe 6 Mei 1542 walifika Goa.

Safari ilikuwa kazi

Siku hizi kuna merikebu kubwa mno zinazochukua watu wa kujifurahisha kuzunguka dunia nzima kwa miezi mitatu au minne. Wana vitanda vizuri, waganga, machungwa kila asubuhi. Lakini hata wao wanapaswa kujifunza lile alilojifunza abiria wa Santiago: kukaa na watu usiowachagua, mahali usipoweza kutoka, kwa siku usizoweza kuzifupisha.

Wengi wakiwa safarini husema, «Nikifika nitaanza». Mwanafunzi husema, «Nikimaliza shule nitasaidia wazazi». Mgonjwa husema, «Nikipona nitasali». Aliyehamia mjini kutafuta kazi husema, «Nikipata kazi nitajiunga na jumuiya». Fransisko angeweza kusema vivyo hivyo kwa haki kabisa. Alitumwa Uhindi, hakutumwa merikebuni. Hata hivyo, kutoka siku ile ya Lisbon hadi siku alipokanyaga Goa, aliwahesabu watu waliokuwa karibu naye kuwa ndio watu aliotumwa kwao.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa miaka kumi tu. Alifika Malaka, visiwa vya Moluku na Japani. Tarehe 3 Desemba 1552 alikufa katika kisiwa cha Shangchuan, mbele ya pwani ya China, akingoja jahazi la kumvusha. Mwili wake uko Goa, katika kanisa la Bom Jesus. Mwaka 1622 alitangazwa mtakatifu, na mwaka 1927 Papa Pio wa Kumi na Moja alimweka kuwa msimamizi wa misioni, pamoja na Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye hakusafiri baharini kwenda misioni yoyote.

Msomaji mpendwa, labda wewe hutapanda merikebu kamwe. Lakini una jirani uliyewekwa karibu naye bila kumchagua, katika nyumba, katika kiwanda, katika chumba cha hospitali. Anaomba chumvi. Usimwambie angoje mpaka ufike.